Sehemu ya Pili ya Kofia

Ukivunja kikombe, Mama Mdogo alisema vikombe navyo hufa. Ukichafua nguo, utaifua mwenyewe. Ukishika mkia darasani, alinuna wiki nzima na salamu akakunyima, lakini mkono hakuinua. Fimbo yake ilikuwa ya kosa moja tu, uongo, na alichapa huku akihubiri: "Njia! Ya mwongo! Ni fupi!" Viboko vitatu, methali moja. Mpaka leo mimi na kaka yangu tukiisikia methali ile popote tulipo tunakaza makalio.

Nayasema haya mapema ili ujue uzito wa jambo lenyewe. Mwanamke huyo huyo alitudanganya uongo mmoja mkubwa, wenye hatua kumi na mbili, akaushikilia miaka thelathini na moja. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yake ilikuwa na lami. Mimi niligundua miaka sita iliyopita nikafunga mdomo, jambo ambalo wanaonifahamu hawataliamini. Kaka yangu hakujua. Na mwaka huu, Jumapili moja, alibeba kompyuta begani akaenda nayo nyumbani kwa Mama Mdogo ili awaonyeshe wanawe bibi yao alivyo mtu wa kuaminika.

Atatokea mtu aseme ni mchezo tu wa watoto. Mtu huyo hakulelewa na Mama Mdogo.

Sisi ni watoto wa dada yake. Mama yetu mzazi alikuwa muuguzi, akahamishiwa kituo cha mbali kisicho na shule ya maana, akatuacha kwa mdogo wake kwa mwaka mmoja ambao ulizaa miaka saba. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Kaka alikuwa na kumi na mmoja, na tayari alikuwa mrefu kiasi kwamba mtaa mzima ulimwita Mnara. Jina hilo limemganda. Hata ofisini kwao wanalitumia. Mama Mdogo alikuwa na miaka thelathini na minne, hana mume, hana mtoto, ana vyumba viwili vya kupanga nyuma ya bohari ya idara ya maji, ambako ndiko alikofanya kazi.

Alikuwa karani. Wasoma mita walirudi na madaftari yaliyolowa jasho, naye akaingiza namba zao kwenye kompyuta, mita elfu nne na ushei, mkono wa kulia ukipiga namba bila kuangaliwa, wa kushoto ukishuka na rula mstari kwa mstari. Hakuwahi kuruka mstari. Meneja akiwa na wageni aliwapitisha mlangoni pake wamtazame, na yeye hakuinua kichwa hata kwa mgeni mwenye tai. Ningekuwa mimi ningepunga mkono.

Jumamosi asubuhi alichapisha orodha mpya za wasoma mita, na siku hizo alikwenda nasi. Printa ya wakati ule ilikuwa na kelele za kutia ganzi meno, na karatasi yake ilikuwa moja tu, ndefu, haina mwisho, ina mistari ya kijani na matundu pembeni. Ukingo ule wa matundu ilibidi uchanwe kwa mkono, kulia na kushoto, kabla karatasi haijakatwa. Tulikaa sakafuni tukachana mpaka vidole vikaota sugu. Ujira wetu ulikuwa nusu saa kila mmoja kwenye kompyuta kuukuu ya kona, na ndani ya kompyuta hiyo alikuwemo Kofia.

Mchezo wenyewe ulikuwa na jina refu la Kizungu ambalo hakuna aliyehangaika nalo. Sisi tuliuita Kofia, kwa sababu shujaa wake alikuwa mchimba madini mfupi, kofia yake ya chuma kubwa kuliko kiwiliwili, anashuka shimoni akiokota taa na kukwepa popo. Alikuwa na punda. Kioo kile kilijua rangi nne tu, kwa hiyo punda alikuwa wa zambarau, na mpaka leo nikimwona punda wa kijivu namwona kama hajamaliziwa kupakwa rangi. Nani alimleta Kofia pale ofisini sijui. Disketi siku zile zilitembea ofisi kwa ofisi kama umbea, hazina mwenyewe.

Ilituchukua Jumamosi tisa kumaliza hatua zote kumi. Ya mwisho aliimaliza Mnara, ulimi nje, mimi nikimfokea sikioni. Lango likafunguka, nyuma yake ziwa. Mkono mkubwa ukatoka ziwani, ukamkamata punda, ukazama naye. Halafu ukaja ukurasa mzima wa Kiingereza.

Mama Mdogo aliacha printa yake, akasoma, akatutafsiria kwa sauti ile ile ya kusoma matangazo ya ofisi. "Wanasema hongereni. Hii ni sehemu ya kwanza, nayo ni ya bure, mna ruhusa ya kumgawia yeyote. Sehemu ya pili na ya tatu zinaagizwa kwa barua, ng'ambo, pamoja na hundi ya benki ya kwao."

"Na punda?" Mnara aliuliza.

"Punda yuko sehemu ya pili."

"Basi tuagize."

"Hundi ya benki ya kwao, baba. Mimi hata benki ya kwetu hainijui."

Yeye aliupenda ukurasa ule. Alisema huo ndio ukweli anaoutaka, mtu anakuambia mapema kipi cha bure na kipi si cha bure. Ruhusa ya kugawa aliichukua kama agizo la serikali. Kila ofisi iliyoomba nakala aliitolea, na juu ya kila disketi aliandika kwa mwandiko wake wa kunyooka: Sehemu ya kwanza TU. Ile "tu" aliipigia mstari, asije mtu akasema amedanganywa.

Mnara naye alilia. Hakulia kwa sauti, alilia kwa mabega, kuanzia ofisini mpaka nyumbani, na chakula hakukigusa. Mvulana mrefu kuliko mlango wa stoo, analilia punda wa zambarau. Ucheke ukitaka, lakini wiki ile ile ilikuwa imeingia barua ya mama yetu kwamba likizo yake imeahirishwa kwa miezi minne. Sasa nikiwa mtu mzima najua mtoto yule hakuwa akimlilia punda peke yake. Mama Mdogo alilijua hilo siku hiyo hiyo.

Jumatatu alirudi kazini, akavua viatu, akatuita mezani.

"Sehemu ya pili ipo," alisema. "Mhandisi anayo, kwenye kompyuta yake ya ghorofani. Kuitoa ni marufuku. Lakini saa ya chai ananiruhusu niitazame. Nitakuwa naangalia kipande kwa kipande, nakishika kichwani, nawachorea, mnacheza hapa."

Alisema hivyo kwa macho makavu, yeye wa fimbo tatu na methali moja. Kisha akakunjua karatasi ya printa, upande wa nyuma usio na mistari, imepigwa miraba kwa rula na penseli. Kila mraba ulikuwa na kitu chake: ngazi, ukuta, samaki mwenye meno, bomba, pampu. Mahali ambapo hatujafika alipafunika kwa vipande vya ukingo wa matundu. Kofia alikuwa kifungo cheusi cha shati. Kompyuta alikuwa yeye.

"Haya, bonyeza," alisema.

"Kulia tatu, ruka," Mnara alijibu, bado amenuna.

Mkono ukasogeza kifungo miraba mitatu, ukakirusha, na ulimi wa Mama Mdogo ukatoa mlio ule ule wa ofisini, tii-dup, sawasawa kabisa. Mnara akageuka kunitazama. Wiki nzima sikuwa nimeyaona meno yake, na sasa yote yalikuwa nje.

Ilikuwa kompyuta katili. Ukisema kushoto badala ya kulia, umekufa. Ukijitetea kwamba ulimaanisha kulia, ulijibiwa, "Kompyuta haijui ulichomaanisha." Ukijilegeza na kumwita mama kwa sauti ya asali, ulijibiwa, "Kompyuta haibembelezwi." Na ukibisha sana, iliganda. Alikodoa macho, akanyamaza, mkono uko hewani, na dawa ilikuwa moja tu: wote mtoke nje, mhesabu hamsini, mrudi. Nilikuwa nimeshatimiza miaka thelathini ndipo siku moja, nikikoroga sufuria yangu mwenyewe, nikatambua kwamba kompyuta ile iliganda kila harufu ya kuungua ilipoanza jikoni.

Watoto wa mtaa walisikia, wakaja. Kwanza wawili, kisha watano, mwisho tulikuwa kumi na watatu, wengine wamening'inia dirishani kwa nje, wanaelekeza na kutukana samaki. Mama Mdogo hakumfukuza hata mmoja. Aliwapanga kwa zamu, na zamu zake ziliheshimiwa kuliko za zahanati.

Kilichotutesa ni mabomba. Ufalme wa chini ya ziwa uliendeshwa kwa maji, na maji yale yalikuwa na sheria zake. Pampu haiwashwi ikiwa kavu, inajazwa kwanza. Bomba refu likiwa tupu, toa hewa kabla hujaingiza maji. Vali kubwa, lile gurudumu la kufungulia bomba kuu, haifunguliwi kwa pupa. Unaizungusha ukihesabu mpaka ishirini, la sivyo maji yanakuja kwa kishindo, bomba linapasuka, na Kofia anasombwa mpaka mwanzo. Mnara alisombwa mara saba. Mara ya nane alihesabu polepole, kidole hewani, na sisi wote kumi na wawili tuliobaki tukahesabu naye, hata wa dirishani.

Hatua ya kumi na mbili ilichukua karatasi nne zilizogundishwa. Punda alikuwa ndani ya tangi kavu, ameketi, hataki kuondoka mpaka anywe. Na ili anywe, maji yalipaswa kupita katika hatua zote kumi na moja za nyuma, kila pampu na kila vali, bila kosa hata moja. Tulicheza siku tatu. Punda aliposimama, nakuambia, majirani walitoka nje kuuliza nani ameoa. Mnara alimrukia Mama Mdogo shingoni, akaning'inia, na nusura wote wawili waanguke juu ya ufalme.

Wiki iliyofuata mama yetu alifika, likizo ya siku kumi, akasimuliwa habari za punda mpaka akaomba maji ya kunywa. Sehemu ya tatu, Mama Mdogo alisema, mhandisi hakuwa nayo. Karatasi ziliishia kuwashia mkaa.

Mnara leo ni mhandisi wa maji, tena si wa kukaa kwenye kiti cha kuzunguka. Katika usaili wake wa kwanza waliuliza angelijaza vipi bomba jipya la kilomita sita. "Natoa hewa kwanza," alisema, na akaendelea kueleza kama mtu anayekuelekeza jikoni kwao. Walipomuuliza alijifunzia wapi kabla hata ya chuo, akasema ukweli anaoujua: kwenye gemu la kompyuta, sehemu ya pili, ambayo mama yake mdogo aliikariri yote saa ya chai.

Mimi ninauza karatasi na kutoa nakala. Miaka sita iliyopita, siku isiyo na wateja, nilikuwa nikitafuta michezo ya zamani kwenye mtandao, kama watu wa umri wetu tunavyofanya tukichoka kujifanya tuna kazi. Nikamkuta Kofia. Walioutengeneza mchezo walikuwa wameuachia wote bure, sehemu zote tatu. Nilipousikia ule muziki wake wa mlio mmoja, nywele zilinisimama. Nikafungua ya pili.

Ziwa lilikuwepo. Samaki walikuwepo, nao wamevaa kofia, sijui kwa nini. Kulikuwa na mfalme anayerusha mapovu. Bomba halikuwepo hata moja. Pampu hakuna, vali hakuna. Punda alikuwa amesimama tu kwenye hatua ya pili, unamgusa, anakufuata.

Kwanza nilicheka. Halafu nikalaza kichwa juu ya mashine ya nakala, bado ya moto, nikalia, na mteja mwenye cheti cha kuzaliwa mkononi akasubiri kwa adabu akidhani nimefiwa. Sikufiwa. Nilikuwa nimejua tu kwamba mwanamke aliyepiga namba za mita kutwa nzima alikuwa akirudi nyumbani, siku baada ya siku, na dunia aliyoiunda yeye mwenyewe. Nilijivuna mpaka kifua kikaniuma.

Mbona sikumwambia? Kwa sababu namjua. Kwake uongo hauna mdogo wala mkubwa. Nilijua akigundua kwamba tumejua, hatajiona mtunzi, atajiona mwongo, mbele ya watoto aliowachapa kwa kosa hilo hilo. Nikaona bora nibaki na siri yangu na yeye abaki na heshima yake. Alipokuwa akimkanya mtoto wa mtu kuhusu uongo, mimi nilitazama ukuta.

Mwaka huu, mwezi wa pili, Mnara akanipigia simu, hata salamu hakumaliza.

"Nimempata Kofia! Sehemu zote! Jumapili nakuja na wanangu, tunaifungua ya pili kwenye TV ya Mama Mdogo."

"Ya nini?" nilisema, sauti ikinitoka nyembamba.

"Ya nini tena? Nimewasimulia tangu wazaliwe. Bibi yao alikuwa anaangalia hatua nzima dakika kumi za chai, anairudisha yote kichwani, haachi hata mraba. Hawaniamini. Wanasema baba anatia chumvi. Nataka wahakikishe kwa macho yao."

"Watoto wa siku hizi hawapendi mambo ya zamani, kaka."

"Watapenda."

"TV yake mbovu."

"Nilimnunulia mimi, mwezi wa kumi na mbili."

Mnara ni mrefu, lakini kuna habari huchelewa kupanda mpaka juu.

Nikaenda kwa Mama Mdogo siku hiyo hiyo. Sasa ana miaka sitini na mitano, amestaafu, ana nyumba yake ya vyumba vitatu iliyopangwa kama faili. Nilimkuta anafuta vikombe. Nilipomwambia, alifuta kikombe kimoja kwa muda wa kutosha kufuta kabati zima.

"Ile yenyewe?" aliuliza.

"Ile yenyewe, Mama."

"Na sehemu ya pili?"

"Zote tatu."

Akakiweka kikombe, akakichukua tena. "Hizi kompyuta za siku hizi," alisema taratibu, bila kunitazama, "huwa bado zinaganda?"

Roho iliniuma. Mtu ambaye sijawahi kumwona akiogopa meneja, polisi wala nyoka, alikuwa anaogopa samaki wa kuchorwa. "Zinaganda, Mama," nilisema. "Sana tu." Nilitoka pale nimeapa kwamba Jumapili TV ile haitaonyesha kitu.

Jumapili nikawahi. Nikachomoa waya wa umeme wa TV, nikautia ndani ya sufuria kubwa juu ya kabati pamoja na rimoti, nikafunika. Mnara alifika saa nne, na binti yake wa miaka kumi na miwili, mwenye macho ya mkaguzi wa shule, na mdogo wake wa kiume anayekula muda wote. Waya ulipotafutwa na mimi nikatafuta, tena kwa bidii kuliko wote. Mnara akafungua begi akatoa waya wa namna ile ile. Mtu wa pampu, kumbe, hatembei bila waya. Nikasema kichwa kinaniuma. Nikaambiwa nikalale.

Akaunganisha kompyuta, akaiwasha TV kwa kitufe cha pembeni. Ukurasa wa kwanza ukawaka, muziki ule wa mlio mmoja ukalia sebuleni, na mimi nikamtazama Mama Mdogo. Alikaa kwenye kiti cha pembeni, mgongo wima, mikono juu ya mapaja, kama karani aliyeitwa ofisi kuu.

"Sasa tazameni," Mnara aliwaambia wanawe. "Hapa kushoto patatokea nyumba ya pampu. Bibi aliichora na madirisha mawili."

Akatokea mfalme wa mapovu.

"Aa, basi hatua inayofuata." Akapita. Punda alikuwa amesimama pale peke yake. Mnara akamgusa. Punda akamfuata. Mnara akaishusha mikono kwenye magoti.

"Baba," binti alisema, "mabomba yako wapi?"

Hata yule mdogo aliacha kutafuna. Mnara alitazama kioo, akatazama maandishi ya chini, akarudi mwanzo, akaja tena pale pale. Nilimwona anahangaika kama mtu aliyefika nyumbani kwao akakuta mlango wa rangi nyingine.

"Nakala mbovu hii," alisema hatimaye.

"Mbovu kabisa!" nilidakia. "Mtandaoni wanatia kila takataka. Zima tule."

"Nitatafuta nzuri," alisema, na mkono wake ulikuwa unakwenda kuzima kweli. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Mama Mdogo alichotakiwa kufanya ni kukaa tu. Nilimwomba kwa macho akae.

Akasimama.

"Si mbovu," alisema. "Hebu punguza huo muziki, baba." Mnara akapunguza. "Mhandisi hakuwa nayo. Kompyuta yake ya ghorofani ilikuwa ya kuandikia barua. Sehemu ya pili sijapata kuiona mpaka leo, hapa, pamoja nanyi. Ile mliyocheza niliitunga mimi. Niliwadanganya, na huku nilikuwa nawachapa kwa uongo. Nimekaa na jambo hili tangu siku ile. Sasa mnalo."

Shingo yake haikuinama. Mnara alikaza macho kwenye punda anayepepesa masikio, mpaka nikatamani nimpige kofi.

"Hewa," alisema.

"Nini?"

"Kutoa hewa kabla ya kujaza bomba. Kuhesabu ishirini kwenye vali. Pampu isiwashwe kavu. Mama, wewe ulikuwa unaingiza namba. Hayo uliyatoa wapi?"

"Kwa mafundi," alisema Mama Mdogo. "Saa ya chai nilikuwa nashuka karakana, nawauliza. Walidhani nataka kuhamia kwao. Nilisema, kama mimi nadanganya, maji yasidanganye."

Mnara aligeuka akabonyezabonyeza, akapita kurasa moja baada ya nyingine mpaka akafika kwenye majina ya walioutengeneza mchezo.

"Wahesabu," alimwambia binti yake.

"Saba."

"Saba. Huyu wa kuchora. Huyu wa milio. Hawa wawili wa hatua. Bibi yako alikuwa mmoja. Alichora, alitoa milio, alikuwa kompyuta yenyewe, na kazini alikwenda, na sote tulikula." Akamgeukia Mama Mdogo. "Mama, miaka yote hii nilikuwa nakusifu kwa kukariri. Nilikuwa nakudhulumu."

Binti alimtazama baba, akamtazama bibi kuanzia miguuni mpaka kichwani, kwa macho yale ya ukaguzi. "Kwa hiyo baba hakutia chumvi," alisema.

"Alipunguza," nilisema mimi.

Mama Mdogo akanigeukia. "Na wewe ulijua."

"Miaka sita, Mama."

"Ukanyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Wewe?" alisema, na ndipo kwa mara ya kwanza siku ile nikaona kicheko kikimpanda usoni.

Akavuta kiti mpaka mbele ya TV, karibu kabisa, akavaa miwani. Alimwambia Mnara arudi kwenye hatua ya pili. Akamtazama punda kwa muda, kichwa upande, kama fundi anayetazama ukuta wa fundi mwingine.

"Wamemweka hapa tu?" aliuliza. "Unamgusa, anakuja?"

"Ndiyo, Mama."

"Hawa hawakuwa na mtoto wa kumngojesha." Alisema bila kumtazama mtu. "Mimi nilikuwa na miezi minne ya kujaza. Ilibidi punda nimfiche mbali, na nimfiche vizuri, asipatikane kabla dada hajafika."

Mnara aliweka mkono wake mkubwa juu ya bega lake na hakuuondoa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia, na sikuona aibu.

"Sasa iliyonitesa ni ya nane," Mama Mdogo aliendelea, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu anayezungumzia kazi yake. "Mnaikumbuka ya nane? Ile ya matangi mawili? Niliifuta mara tano. Mafundi wenyewe walikuwa wanabishana maji yapite wapi, mmoja akanirushia kofia."

Kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kuwa na mtu wa kumwambia. Binti wa Mnara alimletea karatasi na penseli bila kuombwa, yeye akaomba na rula, akaanza kupiga miraba huku akieleza tangi la kwanza lilikaa wapi na kwa nini. Alieleza mpaka saa nane, chakula kikapoa mezani, na hakuna aliyemkatiza.